MHADHARA, MUNADHARA NA KASHFA: Asili ya Maneno Tunayoyatumia Tunapohitilafiana Hadharani

Sifa zote njema anazistahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa Makambako au wa Njombe kwamba Jumamosi kuna mhadhara uwanjani, mara nyingi swali lake la kwanza huwa: "Nani na nani?" Hakuulizi mhadhara unahusu nini, kwani yeye ameshafahamu kwamba mhadhara ni watu wa dini mbili kushindana mbele ya umma, vitabu viko mezani, vipaza sauti viko juu, na wasikilizaji wanahesabu nani kamshinda nani. Neno hilo hilo mpe mwanafunzi wa chuo kikuu, naye ataelewa jambo jingine kabisa: mwalimu anasomesha ukumbini, wanafunzi wanaandika, kisha kila mtu anakwenda zake. Mwalimu huyo huitwa mhadhiri, na hakuna anayemuuliza amemshinda nani.

Neno ni moja, lakini maana ni mbili zilizo mbali. Wapo wanaosema kwamba watu wa mitaani wameliharibu neno la wasomi. Kabla ya kukubali au kukataa kauli hiyo, inafaa turejee katika asili ya neno lenyewe, kisha tutazame lilivyofika kwetu na lilivyotumika. Faida ya kufanya hivyo haiishii katika lugha. Maulamaa wa Usuli wanasema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Vijana wetu wanapouliza kama mhadhara ni halali, ni sunna au ni jambo la kuachwa, hatuwezi kuwajibu kabla ya kujua kilichoko ndani ya jina.

ASILI YA NENO

Mhadhara umetokana na herufi tatu za Kiarabu: haa, dhaad na raa. Maana yake ya asili ni kuwapo mahali, kinyume cha kughibu. Kutoka katika mzizi huu Kiswahili kimepata kuhudhuria, mahudhurio, hadhira na hadharani. Mwenye kusema hadharani anasema mbele ya waliopo.

Hapa inafaa kutanabahisha jambo moja. Kiswahili kinaandika dh moja mahali ambapo Waarabu wana herufi tatu mbalimbali: dhaad, dhaal na dhaa. Kwa sababu hiyo maneno yanayofanana kwetu si lazima yawe ndugu. Mhadhara ni wa dhaad. Hadhari na kutahadhari ni ya dhaal, na asili yake ni kuogopa na kujilinda. Munadhara ni wa dhaa, na asili yake ni kutazama. Mwanafunzi asidhani kwamba mhadhara umeitwa hivyo kwa sababu unatahadharisha watu. Huenda ukatahadharisha, lakini si hapo jina lilipotoka.

Tukiingia katika ilimu ya sarfu tunaona kwamba muhaadhara umekuja katika wazni ya mufaa'ala. Wazni hii kwa kawaida huonyesha kitendo kinachofanywa na pande mbili, kama mushaawara na muqaatala. Sisi Waswahili maana hiyo tunaipata kwa kuongeza "-ana" mwishoni mwa kitenzi: kushauriana, kupigana. Kwa hiyo, kwa kufuata umbo lake tu, muhaadhara ni kuhudhuriana: huyu yupo mbele ya yule, na yule yupo mbele ya huyu.

Katika Kiarabu cha zama hizi neno hili limekuwa jina la somo linalotolewa chuoni au ukumbini, na maana hiyo ndiyo iliyochukuliwa na wasomi wetu. Lakini ukifungua kamusi kongwe ya Lisaan al-Arab ya Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 711 Hijria, utakuta maana iliyo karibu mno na ile ya watu wa uwanjani. Ibn Mandhur anapokea kutoka kwa al-Layth kwamba muhaadhara ni mtu kukukabili katika haki yako, kisha akaondoka nayo kwa kukuzidi nguvu au kwa ukaidi. Anaeleza pia kwamba neno hilo hutumika kwa watu wawili wanaogombana mbele ya mtawala, goti kwa goti, kila mmoja akitaka kumshinda mwenziwe.

Basi mtu anayeuliza "nani na nani?" hakuliharibu neno. Bila ya kukusudia amelirudisha katika maana ya wazee wa lugha. Ila katika maana hiyo kongwe mna onyo ambalo tusilipite haraka. Muhaadhara wa kale si kushindana tu. Ni kushindana kwa namna ambayo mwenye haki anaweza kuondoka bila ya haki yake, kwa sababu mwenziwe ana sauti kubwa zaidi au hana haya. Tulishike jambo hili, kwani tutalihitaji mbele.

NDUGU ZAKE: JADALI, MUNADHARA NA IKHTILAFU

Wazee wetu katika ilimu hawakuzitia hitilafu zote ndani ya jina moja. Kila namna waliipa jina lake, na kwa kila jina wakaweka hukumu na adabu.

La kwanza ni jadali, ambalo kwetu limezaa mjadala na kujadiliana. Asili yake ni kusokota kamba mpaka ikakaza. Ar-Raghib al-Isfahani katika Mufradaat ametaja asili hiyo, kwani kila mwenye kujadili hutaka kumsokota mwenziwe atoke katika rai yake. Akataja pia kauli ya waliosema kwamba neno limetokana na mieleka, mtu kumwangusha mwenziwe juu ya ardhi ngumu, iitwayo jadaala. Qur'an imelitumia neno hili kwa wema na kwa lawama. Imemwelezea mwanadamu kuwa ni mwingi wa ubishi (al-Kahf: 54) na imekataza jidali katika Hija (al-Baqara: 197). Lakini pia imeamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora (an-Nahl: 125), na sura nzima ikaitwa al-Mujaadila kwa ajili ya mwanamke, Khaula bint Tha'laba (r.a.), aliyemjadili Mtume (s.a.w.) kuhusu mumewe aliyemfanyia dhihari. Allah (s.w.) aliisikia hoja yake na akateremsha hukumu. Kujadili si kosa peke yake. Kosa au thawabu hutokana na namna na nia.

La pili ni munadhara. Hili limetokana na nadhar, kutazama na kufikiri, na humo mna pia maana ya nadhiir, yaani mwenza aliye sawa nawe. Wenye kufanya munadhara ni wawili wanaolitazama jambo moja kwa pamoja ili haki idhihiri, kwa ulimi wa yeyote kati yao. Maulamaa waliitungia vitabu ilimu ya adabu za utafiti na munadhara, na miongoni mwa waliotangulia kuipanga ni Shamsud-Din as-Samarqandi katika karne ya 7 Hijria. Katika ilimu hiyo kila upande una haki zake: mwenye kudai ana wadhifa wa kuleta dalili, mwenye kuuliza ana mipaka ya maswali yake, na hakuna ruhusa ya kuhama kutoka hoja moja kwenda nyingine kabla ya ile ya kwanza kumalizika.

La tatu ni ikhtilafu, kutokana na khalf, nyuma. Waliohitilafiana ni kama watu walioshika njia mbalimbali, kila mmoja akamwacha mwenziwe nyuma. Imam Shafi katika Risala amezigawa ikhtilafu mafungu mawili. Iko iliyoharamishwa, nayo ni katika jambo ambalo Allah amelisimamishia hoja ya wazi. Na iko iliyo na nafasi, nayo ni katika jambo linalobeba tafsiri na kiasi. Kwetu sisi neno limekuwa khitilafu, kisha hitilafu, na leo tunalisikia zaidi kwa fundi wa umeme au wa gari kuliko kwa fakihi. Kwa fundi, hitilafu ni ubovu unaotakiwa kuondolewa. Kwa fakihi, ikhtilafu nyingine ni upana wa rehema. Anayelichukua neno la fundi akalipeleka msikitini ataona kila tofauti ya madhehebu ni ubovu wa kutengenezwa kwa nyundo.

Kiswahili chenyewe kina maneno yake pia. Malumbano yametokana na kulumba, kusema kwa ufasaha, na ndiyo maana msemaji hodari huitwa mlumbi. Na kuna kubisha, neno ambalo kwa umbo hilo hilo tunalitumia kwa kukataa kauli ya mtu na kwa kupiga hodi mlangoni. Mwenye kupiga hodi husubiri akaribishwe.

PWANI ILIVYOHITILAFIANA NA WAMISIONARI

Majadiliano ya Waislamu na Wakristo katika Afrika Mashariki hayakuanza kwa vipaza sauti. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na maulamaa walioketi na wamisionari wa Kianglikana. Mashuhuri kati yao ni Sheikh Abdul Aziz bin Abdulghani al-Amawi wa Barawa, kadhi na mshairi aliyefariki mwaka 1896, ambaye alijadiliana na Askofu Edward Steere katika mambo ya dini. Walikuwa watu wawili wenye ilimu. Steere alikuwa mjuzi wa Kiswahili, na al-Amawi alikuwa bahari ya ilimu za Kiarabu. Kila mmoja alijua uzito wa mwenziwe, na jina linalofaa kwa kikao cha namna hiyo ni munadhara.

Mwaka 1909 kasisi mwingine wa misheni hiyo hiyo, Godfrey Dale, alitoa Zanzibar kitabu cha Kiswahili kuhusu Uislamu, na katika jina la kitabu akaeleza kwamba mna maelezo ya ikhtilafu za dini mbili. Dale ndiye aliyetoa pia tafsiri ya Qur'an ya Kiswahili mwaka 1923, tafsiri ambayo maulamaa wetu waliipinga na kuijibu. Tunamtaja kwa ajili ya neno tu: mmisionari aliyetaka kuzungumzia tofauti za dini na wasomaji wa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20 aliona neno la kutumia ni ikhtilafu, neno la mafakihi.

MHADHARA UNASHUKA UWANJANI

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1980. Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, Afrika Kusini, alizuru Tanzania mwaka 1981, na kanda zake zikaenea, hasa baada ya mjadala wake na mhubiri Jimmy Swaggart huko Marekani mwaka 1986. Njia yake ilikuwa kumkabili Mkristo kwa Biblia yake mwenyewe. Hapa kwetu njia hiyo ilipata watu wake. Kikaundwa kikundi cha wahubiri wa Kiislamu wa mlingano wa dini, kinachojulikana kwa kifupi kama UWAMDI, na masheikh Musa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba wakaandika kitabu chao kuhusu Uislamu katika Biblia. Wahubiri wa kundi hili walisafiri mikoani, wakasimama viwanjani na masokoni, na mikutano yao ikaitwa mihadhara. Wakristo nao wakaandaa mihadhara ya kujibu.

Insafu inatutaka tuyaseme mambo mawili. La kwanza, mihadhara ile iliwapa Waislamu wengi ujasiri. Kijana wa Kiislamu aliyesoma katika shule iliyoanzishwa na misheni, na akazoea kunyamaza kila dini yake inapotajwa, aliona kwa mara ya kwanza mtu wa dini yake akisimama na hoja. Wengi walirudi msikitini kwa sababu hiyo, na wengine walisilimu. La pili, uwanja una tabia yake. Umma haukuja kupima dalili moja baada ya moja. Umekuja kushangilia. Mhadhiri mwenye dalili nzito na ulimi mzito huonekana ameshindwa, na mwenye kejeli nyepesi huonekana ameshinda. Hapo ndipo maana kongwe ya Ibn Mandhur ilipojitokeza: haki inaweza kuchukuliwa kwa kelele.

KASHFA: NENO JINGINE LILILOHAMA

Pamoja na mhadhara likaja neno kashfa. Nalo ni la Kiarabu, kutokana na kashf, kufunua kilichofunikwa. Katika Kiarabu ni neno la heshima: az-Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria, aliiita tafsiri yake al-Kashshaaf, na watu wa tasawwuf wana mukaashafa, kufunukiwa. Kwetu kashfa ni aibu iliyowekwa wazi, au tusi linalomvunjia mtu heshima. Mwenye kuhubiri anasema anafunua ukweli, na mwenye kusikiliza anasema ametukanwa. Wote wawili wamo ndani ya mzizi mmoja, ila mmoja ameshika maana ya Kiarabu na mwingine ya Kiswahili.

Tofauti hii iliwafikisha watu gerezani na makaburini. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, inamtia hatiani mwenye kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Wahubiri kadhaa walikamatwa kwa tuhuma za kukashifu dini. Kamatakamata ya namna hiyo ndiyo iliyotangulia msiba wa Mwembechai, Dar es Salaam, tarehe 13 Februari 1998, ambapo Waislamu waliuawa kwa risasi za polisi. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimhukumu Hamisi Rajabu Dibagula kifungo cha miezi 18 kwa kusema katika mkutano wa dini kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu hata akaachiwa, lakini hatia ikabaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia yenyewe. Ilisisitiza uhuru wa kuamini na kutangaza dini uliomo katika Katiba, na ikaona kwamba nia ya makusudi ya kuumiza hisia haikuthibitishwa.

Imamu yeyote anayesimama mbele ya watu aifahamu hukumu hiyo vizuri. Kueleza itikadi yako, hata kama inapingana na ya jirani yako, si kashfa. Mkristo anayesema kwamba Yesu ni mwana wa Mungu hakukukashifu wewe, na wewe unayesema kwamba Isa (a.s.) ni mja na Mtume wa Allah hukumkashifu yeye. Kinachopambanua ni makusudi na namna ya kusema. Na sisi tunayo kanuni kongwe kuliko sheria hizo zote, kwamba amali hulipwa kwa nia.

MAKAMBAKO NA NJOMBE

Kwa nini basi tuyazungumze haya kwa kuitazama miji hii miwili? Kwa sababu hapa gharama ya neno huonekana upesi.

Ubena ulifikiwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin mwishoni mwa karne ya 19. Vita vya Majimaji vilipofika huku mwaka 1905, kituo chao cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa. Baadaye makanisa yalikua mpaka Njombe ikawa makao ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kilutheri, na tangu mwaka 1968 makao ya jimbo la Kikatoliki. Uislamu kwa sehemu kubwa ulikuja kwa njia nyingine: kwa wafanyabiashara wa pwani, kwa jamaa waliotoka upande wa Songea na Tunduru, kwa watumishi wa serikali, kwa vibarua wa mashamba ya chai na miwati, na kwa madereva. Makambako hasa ni mji wa njia. Hapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970. Sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo hakuna hesabu rasmi. Lakini apitaye huku haoni shaka kwamba Waislamu ni wachache kati ya Wakristo wengi.

Katika hali hiyo, dini hupita katikati ya nyumba. Yupo Mbena aliyesilimu na wazazi wake ni Walutheri. Yupo dada aliyeolewa na Mwislamu, na kaka zake wanaimba kwaya. Msiba ukitokea, wanaochimba kaburi ni wa dini zote mbili, na wanaopika ni wa dini zote mbili. Mtu kama huyu, mhadhara ukigeuka kuwa kejeli, hana pa kusimama. Akicheka, amemcheka mama yake. Akinuna, wenzake msikitini watamwona dhaifu wa imani. Na Allah (s.w.) amemwamrisha kukaa na wazazi wake kwa wema hata wakimshurutisha shirki, huku akikataa kuwatii katika shirki yenyewe (Luqman: 15). Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake ambaye alikuwa mshirikina, aliamrishwa kumuunga.

Jambo jingine ni lile la mji wa njia. Mhadhiri mgeni hushuka stendi, akasema siku mbili au tatu, kisha akapanda basi. Maneno yake hayapandi naye. Yanabaki sokoni, shuleni, kisimani na kwenye machinjio. Mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje ulipowaka Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa, na mwezi Aprili mwaka huo huo vurugu za namna hiyo zikatokea Tunduma, katika barabara hii hii inayopita Makambako. Suala la kuchinja lina hukumu zake katika fiqhi, na lilikuwa na njia ya kuzungumzwa na wazee wa pande zote kwa utulivu. Lilipofika mitaani likawa muhaadhara wa maana ya kale.

HUKUMU NA ADABU ZAKE

Je, tuseme basi kwamba kuhitilafiana hadharani ni haramu? La. Nabii Ibrahim (a.s.) alihojiana na mfalme mpaka mfalme akabaki ameduwaa (al-Baqara: 258). Nabii Musa (a.s.), Firauni alipomtaka aweke miadi, aliichagua siku ya sikukuu, watu wakusanywe wakati wa dhuha (Taha: 59). Huo ulikuwa uwanja wa wazi kabisa. Lakini tuangalie yaliyoutangulia: aliamrishwa kwanza kumwendea Firauni kwa maneno laini (Taha: 44), na kabla ya mashindano kuanza aliwapa wachawi nasaha (Taha: 61). Wachawi wale wale ndio walioanguka kusujudu. Angekuja kwa kuwatweza, huenda wangeshikilia fimbo zao kwa hamaki tu.

Kwa upande mwingine, Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika mlango wa ilimu wa Ihyaa ameweka masharti ya munadhara wa haki. Miongoni mwayo ni kwamba munadhara wa faragha uwe unapendeza zaidi kwa mwenye kuufanya kuliko wa mbele ya makundi na wakubwa, kwa kuwa faragha hukusanya fahamu na umma huamsha riya. Na mwingine ni kwamba mtu awe kama aliyepotelewa na kitu: hajali kionekane mkononi mwake au mkononi mwa mwenziwe. Tukizijumuisha dalili, tunapata kwamba asili ni kuzungumza kwa utulivu na wenye kuhusika, na uwanja hufunguliwa panapokuwa na haja na maslahi. Hapo adabu zake ni hizi:

Kwanza, nia. Mwenye kupanda jukwaani ili aonekane, ameshashindwa kabla hajafungua kitabu.

Pili, ilimu. Asisimame mtu aliyehifadhi orodha ya aya za Biblia huku hajui nguzo za sala yake. Hata hilo limo katika masharti ya al-Ghazali: asishughulike na faradhi ya kutosheleza mtu ambaye faradhi ya lazima kwake hajaitimiza.

Tatu, haki ya mpinzani. Aachwe aeleze dini yake kama anavyoiamini yeye, si kama tunavyopenda iwe ili tuipige kwa urahisi. Kumnyima nafasi hiyo ndiyo kuondoka na haki yake kwa ukaidi, na tumeona kwamba jambo hilo lina jina katika lugha.

Nne, ulimi. Tumekatazwa kuwatukana wanaoombwa badala ya Allah, wasije wakamtukana Allah kwa jeuri bila ya kujua (al-An'aam: 108). Mafakihi wameitumia aya hii kuwa dalili ya kuziba njia zinazopeleka kwenye uovu. Tusi likiwa njia ya tusi kubwa zaidi, linazibwa, hata kama anayetukanwa ni sanamu.

Tano, mahali. Wenyeji washauriwe kabla ya mgeni kualikwa, na taratibu za nchi zifuatwe. Imamu wa Makambako anaujua mji wake kuliko mhadhiri wa mbali, na jukumu la majirani ni lake yeye, si la mgeni.

Sita, hitilafu zetu wenyewe zisipelekwe stendi. Kuhusu kunuti, maulidi na mwandamo wa mwezi, zimeshaandikwa hoja za kutosha vitabuni. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) hakuridhika pale Uthman (r.a.) aliposali rakaa nne Mina, na hakuificha rai yake. Lakini alisali nne pamoja naye, akaeleza kwamba kukhalifiana ni shari. Rai yake ilibaki kuwa yake, na safu ya Waislamu ikabaki moja. Katika mji ambao misikiti inahesabika kwa vidole, somo hili lina uzito maradufu: Waislamu wachache wakigawanyika kwa tarehe ya Idi, jirani Mkristo hajui ampe mkono wa heri nani na lini.

HITIMISHO

Tumeona kwamba mhadhara ni kuwapo mbele ya mwingine, na kwamba waliolipa maana ya ushindani wana asili yao katika lugha ya kale. Basi hatuna haja ya kulifukuza neno. Tunachohitaji ni kuyarudishia majina mengine nafasi zake. Anayesomesha msikitini aseme ana darsa. Wenye ilimu wanaoketi kutafuta haki waseme wana munadhara. Mafakihi wakitofautiana tuseme wana khitilafu, wala tusiwafanye kuwa maadui. Mwenye kueleza itikadi yake kwa adabu asiitwe mwenye kukashifu, na mwenye kutukana asijifiche nyuma ya jina la mhadhara.

Na anayesimama uwanjani Makambako au Njombe akumbuke kwamba katika hao wanaohudhuria yumo mama wa Mwislamu, yumo shemeji yake, na yumo jirani atakayebeba jeneza lake. Kabla ya yote, Allah (s.w.) hakughibu katika kikao hicho.

Tunamuomba Allah atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wabillahi tawfiq.